Ruta Kwenye Lango la Zizi

Mwaka 1983, nikiwa na miaka kumi na minne, baba yangu alikufa, na shida zangu zikaanza hata kabla wageni wa msibani hawajaondoka. Mama yangu alikuwa mke mdogo. Nyumba ya mke mkubwa ilikuwa na wanaume watu wazima, ndevu zimeshaota, na wao ndio walioamua. Ng'ombe wakabaki kwao. Shamba la bondeni likabaki kwao. Mama akapewa mbuzi mmoja na maneno mengi, akatuchukua mimi na dada yangu tukarudi kwa mjomba, tukitembea nyuma ya yule mbuzi kama watu waliomwiba.

Lakini mambo yalikuwa wazi hata baba alipokuwa hai, ni sisi tu hatukutaka kuyaona. Baba alikuwa na redio. Ilikaa nyumba kubwa, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Sisi watoto wa mke mdogo hakuna aliyetufukuza, hapana. Hatukukaribishwa tu. Kwa hiyo jioni tulichuchumaa nje, migongo ukutani, tukisikiliza mpira kupitia dirishani. Kaka yetu mkubwa akijua tupo, anapunguza sauti. "Betri zinaisha," anasema. Betri zile zilikuwa zinaisha kwa ajili ya masikio yetu peke yake.

Shule niliishia darasa la nne. Nikachunga ng'ombe wa watu kwa chakula na shati. Halafu mambo ya nchi yakaanza kulegea. Kabla ya hapo ukikutwa na madumu ya asali unaitwa mlanguzi, unapelekwa ndani. Sasa ikawa ruksa, uza unachoweza. Nikawa naingia msituni upande wa Itigi kurina asali, napakia kwenye baiskeli ya kuazima, nauza barabarani Mkiwa kwa watu wa mabasi. Wale waliosoma walikuwa wamekaa wanangoja waajiriwe. Mimi nilikuwa nanunua dumu jingine. Asali ikanipa kuku, kuku wakanipa ng'ombe, ng'ombe wakanipa mashine ya kukamua alizeti. Hakuna mtu aliyenipa hata kijiko. Anayebisha aje tubishane, nipo.

Nikaoa mke, baadaye nikaoa wa pili. Siku ya kumleta huyo wa pili nilisimama mbele ya wazee wa pande zote nikasema: katika boma langu hakuna kitu kitakachokaa nyumba moja. Nikinunua godoro, nanunua mawili. Kanga, doti mbili. Umeme ulipofika, televisheni mbili siku moja, rangi moja. Hata picha ya Makka ya kutundika ukutani nilichukua mbili, muuzaji akaniuliza kama nina misikiti miwili. Kitu kisichoweza kuwa viwili hakikuingia kwangu. Watu walisema mzee huyu ana wazimu wa hesabu. Sawa. Wazimu huo umenilindia nyumba mbili kwa miaka mingi bila mtoto wa huku kumnyooshea kidole mtoto wa kule.

Sasa njoo kwenye ruta.

Mwanangu wa kwanza, wa mke mkubwa, ana kazi nzuri Dodoma. Siku moja akaipandisha kwenye basi, imo kwenye boksi, ukubwa wake kama tofali dogo, nyeupe. Akanipigia simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Hiyo ni ruta. Inaleta intaneti nyumba nzima, hakuna tena kununua vocha ndogo ndogo. Kifurushi nitalipia mimi kila mwezi. Fundi anakuja kutoka mjini, mwambie aiweke sebuleni kwa mama, pale juu ya televisheni."

"Kwa mama yupi?"

"Kwa mama, baba. Mama yangu."

"Hapa wako wawili."

"Baba, jamani, ni mtandao tu huo. Utafika kote."

Nilikuwa na magunia ya alizeti yananingoja kwenye mashine, nikamwambia tutaongea. Hapo ndipo waliponiwahi. Fundi alikuja mchana nikiwa Mkiwa, akampata mke mkubwa yupo, na mke mkubwa alishapigiwa simu na mwanawe. Kufika saa kumi, ruta ilikuwa juu ya televisheni yake, inawaka taa ya kijani, na tayari imewekewa kitambaa cha kufuma pembeni.

Lakini si kitambaa kilichonisimamisha. Nilipoingia uani niliona watoto wangu wa nyumba ya pili, wasichana wawili na mdogo wao wa kiume, wamechuchumaa nje ya nyumba ya mke mkubwa, chini ya dirisha, migongo ukutani, simu mkononi. Nyumba yao ina kuta nene za tofali mbichi, na mtandao ulikuwa unafia mlangoni. Huyu binti mkubwa anasoma chuo kwa njia ya simu, masomo anayapokea humo humo, kazi anazituma humo humo. Alikuwa na daftari juu ya goti, anaandika akiwa amekaa vumbini, kwenye ukuta wa watu.

"Shikamoo baba," wakasema wote pamoja.

Sikuitikia. Mungu anisamehe, salamu ya mtoto sikuitikia. Nilipita, nikaingia sebuleni, nikachomoa waya, nikaichukua ruta na kitambaa chake.

Mke mkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Unaipeleka wapi?"

"Sijui bado."

"Mwanangu ndiye kanunua!"

"Na hili boma kanunua nani?"

"Basi wanaotaka mtandao si waje ndani wakae? Nani kawazuia?"

"Nani kawakaribisha?"

Ni mwanamke wa haki, mke wangu huyu, ila mtoto wa tumbo lake akituma kitu, akili yake yote inahamia huko. Nilitoka nayo nje. Mke mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameona yote. Akasema kwa sauti ya chini, "Mume wangu, irudishe tu. Usigombane na dada kwa ajili yetu. Sisi tutazoea."

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Ningetukanwa ningevumilia. Mama yangu naye alizoea. Nikamwambia, "Katika boma hili hakuna mtu atakayezoea."

Usidhani sikufikiria kununua ya pili. Kesho yake nilipanda basi hadi Singida mjini, nikaenda dukani. Kijana akaniambia zile za ofa zimekwisha, nyingine haijulikani zitakuja lini, labda baada ya mavuno. Mavuno! Mtoto akishajifunza kukaa chini ya dirisha la watu, miezi yote hiyo, hata ukija kumpa kiti anakaa pembeni. Nikarudi nyumbani nikamwita fundi tena.

"Fundi, hiki kidude kinataka kukaa wapi hasa? Usinitajie nyumba ya mtu. Nitajie mahali."

Fundi akasema kinataka juu, katikati, kisiwe karibu na bati wala jokofu, na kisizibwe na ukuta mnene.

"Katikati ya nyumba zangu mbili ni wapi?"

Akageuka, akaangalia huku, akaangalia kule. Akacheka. "Mzee, katikati ni zizi."

"Basi ni zizini."

"Mzee, unatania."

"Nina uso wa mtu anayetania?"

"Hapana mzee. Lakini mvua? Jua? Ng'ombe je? Na umeme utautoa nyumba ipi?"

Hilo la umeme lilikuwa swali la mtu mwenye akili, maana kila nyumba ina mita yake, na ukivuta waya kutoka moja, wenye mita watasema ruta ni yao. Nikamwonyesha sola yangu ya zamani, niliyokuwa natumia kabla umeme haujafika, na betri yake. Hiyo ni yangu, haina nyumba. Na kuhusu mvua na jua, nilikwenda stoo nikatoa mzinga wa nyuki, ule wa boksi, wa mbao nzuri, una mfuniko na tundu za mbele. Ulikuwa umepumzika tu humo tangu nilipopunguza safari za msituni. Tukatoboa tundu nyingine ndogo za hewa, tukapitisha waya, tukauning'iniza kwenye nguzo ya mninga ya lango la zizi, juu kuliko pembe za ng'ombe. Fundi akapanda ngazi, akaiweka ruta ndani, akafunika.

Taa zikawaka. Nikamtuma binti mkubwa aingie chumbani kwake kabisa, afunge mlango. Akapiga kelele humo ndani: "Baba, ipo! Ipo yote!" Upande wa pili nikamsikia mjukuu wa mke mkubwa naye akisema ipo. Nikamlipa fundi, akaenda zake akicheka peke yake njia nzima.

Kijiji kizima kilicheka. Nikifika Mkiwa, wale wauza kuku wa stendi wananiamkia vizuri, shikamoo mzee, marahaba, halafu nikigeuka tu, "Mzee, ng'ombe wako wanaangalia filamu gani siku hizi?" Mwingine, "Mzee, yule dume bado hajajibu meseji yangu!" Niliwaacha. Waliocheka nilipoanza kubeba asali kwenye baiskeli ya kuazima ni hao hao, au baba zao. Mtu mmoja tu hakucheka, jirani yangu, mwenye wake wawili naye. Alikuja, akaitazama ile nguzo, akaniuliza mzinga kama ule unauzwaje.

Mwanangu wa Dodoma hakucheka pia. Mtu alikuwa ameipiga picha nguzo akaitupa kwenye kundi la ukoo la simu, na watu wakaanza kuandika utani wao. Akanipigia.

"Baba, umenidhalilisha. Kitu nimenunua mimi unakiweka kwenye mavi ya ng'ombe?"

"Kiko juu ya mavi ya ng'ombe. Mavi ya ng'ombe yako chini, na ndiyo yaliyokulipia ada."

"Mimi ninalipia kitu kikae kwa mama yangu."

"Basi usilipie."

"Baba..."

"Usilipie. Nitalipa mwenyewe. Na hela ya ruta nayo utaletewa, nitampa dereva wa basi. Usije ukasema kwangu kuna kitu chako kimekaa nje ya nyumba ya mama yako. Kuanzia leo hii ni ruta yangu."

Alikata simu. Hela nilimtumia, na hakuirudisha, kwa hiyo ilikuwa wazi ruta ni ya nani. Mke mkubwa alinipikia wiki nzima bila kuzungumza nami, ugali uko mezani, mboga iko mezani, mtu hayupo. Nilikula.

Ikaenda hivyo vizuri hadi alizeti zilipochanua. Mtu wa nyuki angeniambia, na mtu wa nyuki ni mimi mwenyewe. Ule mzinga ulikuwa na harufu ya nta kwenye mbao zake, umetundikwa juu, una tundu, uko karibu na mashamba yaliyojaa maua ya njano hadi upeo wa macho. Ni nani asiyekuja? Mchana mmoja niko kwenye mashine, mke mdogo akaja mwenyewe, kanga kichwani.

"Mume wangu, nyuki wameingia kwenye ruta yako."

"Wengi?"

"Wamefunika nguzo."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Malishoni."

"Wasirudishwe mapema. Na watoto wasisogee. Kundi likiwa jipya halina cha kulinda, halina ukali. Giza likiingia nitakuja na moshi niwahamishe. Mtandao je?"

"Upo," akasema, akacheka. "Binti yako yuko kwenye somo."

Nikaendelea na kazi. Ambacho sikujua ni kwamba mwanangu alikuwa kwenye basi kutoka Dodoma. Hakumwambia mtu anakuja, maana alikuwa na shughuli yake: amepanga kufika mimi sipo, aishushe ruta, aipeleke sebuleni kwa mama yake, nikirudi niikute imekwisha kukaa, kama mara ya kwanza. Alishuka, akapita nyuma, akachukua ngazi kwenye stoo, akapanda. Nyuki wakati huo walikuwa wameshaingia ndani, nje wamebaki wachache. Mtu wa ofisini akiona nyuki wachache anaona nzi. Mfuniko ukamgomea, maana gundi ya nyuki wa zamani ilikuwa imelainika kwa jua ikaushika. Akautingisha. Akautingisha tena kwa nguvu, waya wa kuning'inizia ukaponyoka upande mmoja, mzinga ukabinuka.

Kundi jipya halina ukali, nilisema. Sikusema ukilitikisa.

Niliyasikia makelele nikiwa nje ya mashine. Nilipofika, mwanangu alikuwa ameshavutwa ndani. Si kwa mama yake. Mlango wa karibu na lango la zizi ni wa mke mdogo, na yeye ndiye aliyetoka na blanketi lililolowa, akamfunika, akamburuta hadi ndani kwake, mtu mzima na viatu vyake vya ngozi, huku naye akichomwa shingoni na mikononi. Mke mkubwa alikuwa anakuja mbio na gunia linalofuka moshi, anaita, "Mwanangu! Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko huku, dada! Ingia, funga mlango!"

Nilipoingia wote watatu walikuwa chumbani. Kijana amelazwa kwenye kitanda cha mke mdogo, uso umevimba kama mkate, jicho moja halionekani kabisa. Mama zake wawili wako kila mmoja upande wake, wanamtoa miiba kwa kucha.

"Usibane, kwangua," mke mdogo anamwambia mwenzake. "Ukibana sumu inaingia yote."

"Najua kukwangua, nimeolewa na mrina asali kabla yako."

"Basi kwangua, dada, unaongea nini."

Nikamwangalia, nikaona anapumua sawasawa. Hapo tu ndipo nilipomuuliza, "Ulikuwa unafanya nini kwenye nguzo yangu?"

"Baba, shikamoo," akasema kwa midomo iliyovimba. Mke mkubwa akashindwa, akacheka. Mke mdogo akacheka. Mimi sikucheka.

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Nilitaka kuihamisha."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Mke mkubwa akadakia, "Mume wangu, sasa si umeona hatari yenyewe? Mtoto nusura afe. Hilo jambo liishe, ruta iingie ndani. Kwangu au..." akamwangalia mwenzake, "au hata kwake. Iingie tu."

Sema nini, hapo nilisimama kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza anasema "hata kwake". Angesema mtu mwingine ningeona mambo yamekwisha, nimeshinda. Lakini nilimwangalia mke mdogo, nikaona ameinamisha macho, anakwangua mwiba ambao haupo. Alijua kama ninavyojua: ikiingia kwake, mwezi ujao watoto wa kule ndio watakaochuchumaa. Dhuluma ingehama nyumba tu, isingeondoka.

"Haiingii popote," nikasema. "Kwa mtu yeyote. Nyuki watahama leo. Ruta inabaki."

"Una kiburi," mwanangu akasema kutoka kitandani.

"Ninacho. Ulisomeshwa kwa kiburi hicho. Lala."

Alikaa siku kadhaa kabla uso wake haujarudi kuwa wa mtu wa kwenda ofisini. Alikaa humo humo kwa mke mdogo, maana alisema kuhamishwa kunamuuma, na alipopata nafuu kidogo akaanza kufanya kazi zake za Dodoma kwenye simu, kitandani, kwa mtandao wa zizi. Nilimsikia akimwambia mtu kwa simu kwamba yuko nyumbani kwa mama. Hakusema mama yupi, na mke mdogo, aliyekuwa anamwekea uji, hakuuliza. Alipoondoka aliniachia hela mezani akisema ni ya kifurushi. Nikamfuata hadi barabarani nikamrudishia mfukoni. Akataka kubisha, basi likaja.

Nyuki niliwahamisha usiku ule ule, wako nyuma ya shamba, wana mzinga wao, na wameshanipa asali. Ruta niliikuta wameshaanza kuipaka nta pembeni, taa inawaka. Nikatengeneza boksi jipya la mbao mpya zisizo na nta, nikaweka wavu kwenye tundu, nikarudisha kwenye nguzo ile ile. Wazee wawili walikuja kunishauri niitoe kwa heshima ya boma. Niliwapa chai. Binti yangu alimaliza ule mwaka wa chuo akiwa mezani kwake, chumbani kwake, mlango umefungwa. Mke mkubwa anaongea nami. Anaongea sana.

Kuna wanaoniuliza hadi leo, wewe nani wa kumkatalia mtoto aliyesoma, wa kuwakatalia wazee. Nawajibu kwa nilichonacho.

Nyumba mbili za bati, moja ya tofali za kuchoma, moja ya tofali mbichi, na mwaka huu hiyo ya pili naichomea tofali zake. Televisheni mbili. Mashine ya kukamua alizeti. Ng'ombe, wa kwangu, hawana chapa ya mtu mwingine. Mbuzi. Kuku. Mizinga nyuma ya shamba. Shamba la alizeti na la vitunguu, yameandikwa kwa majina ya watoto wote, wa huku na wa kule. Sola moja. Pikipiki ya mizigo. Ruta moja, iko nje.